Alama za Njano Kwenye Bolti za Ndani

Mbalizi, Jumapili mchana

Tupo mwanangu,

Mambo ya blanketi, sweta, dawa ya kifua na mchele wa Kyela uliofungwa kwenye ndoo, mama yako ameyamaliza. La kumpigia simu kila Jumamosi amelisema mara tatu, nilikuwa nahesabu. Kwa hiyo mimi sina maagizo. Iringa ni baridi kama kwetu, Kihesa kuna maduka, na wewe umeshakuwa mtu mzima, utajua wapi pa kununua sabuni.

Nimekaa gereji, kwenye kile kigoda chako chenye mguu mfupi. Geti nimelifunga. Wewe na mama yako mmetoka kanisani mkaenda kuaga kwa shangazi, nami nikasema nina kichwa kinauma. Sina kichwa kinachouma. Nina barua ya kuandika, na kwa umri huu sijawahi kuandika barua inayozidi risiti, kwa hiyo ukikuta mistari inapanda mlima usicheke.

Jana jioni mama yako aliniambia neno moja. Alikuwa anachambua maharage, hata hakuniangalia. Akasema, "Baba Tupo, huyu mtoto anaondoka akijua umemfukuza kazi kwa adabu." Nikamwuliza nani kasema. Akasema, "Kasema yeye. Anadhani umemwombea nafasi kwa watu ili uondokane naye, maana aliharibu gari la Gwamaka." Nilitoka nje nikajifanya nakagua kuku.

Nitakueleza yote, na nitaanzia mbali, maana kosa langu la juzi lina mzazi wake.

Ulipokuwa bado mgongoni kwa mama yako, alikuja kijana mmoja na gari dogo la mbio. Alikuwa amelivimbisha injini kuongeza nguvu, klachi ya kiwandani ikawa inateleza. Akaagiza presha pleti ngumu, ile inayobana kwa nguvu, akaniletea nifunge. Nilikuwa naisikia tu klachi ya aina hiyo, sijawahi kuishika. Lakini ungeniuliza siku ile ningekwambia nimefunga mia. Nikafunga. Ile beringi inayosukuma presha pleti ukikanyaga pedali, nikaona ya zamani bado inazunguka vizuri, nikairudisha. Sikufikiri kwamba sasa inasukuma mzigo mara mbili.

Baada ya wiki akarudi. Unaijua desturi yetu hapa, mteja haruhusiwi kusema "gari ni bovu", anatakiwa aigize mlio kwa mdomo wake mwenyewe, na sisi tunasikiliza bila kucheka. Desturi hiyo aliianzisha yeye, siku ile. Alisimama pale getini, akavuta pumzi, akasema, "Fundi, nikikanyaga klachi inafanya ng'iiiii. Nikiachia inanyamaza." Akanitazama kwa macho ya mtu anayengoja msaada. Nami nikamjibu, "Hizo klachi ngumu ndivyo zilivyo. Ni kawaida. Vumilia."

Yule kijana alikuwa na dada yake anayeolewa Chunya. Jumamosi ile akabeba keki ya harusi kwenye kiti cha nyuma, na shangazi yake ameishikilia kwa mikono miwili. Walipofika juu kabisa mlimani, kwenye ukungu, beringi ikasagika. Pedali inakanyagwa, gia haiingii wala haitoki. Nilipigiwa simu nikaenda na spana zangu kwenye mfuko wa unga. Nikawakuta wamesimama kando ya barabara wamejifunika kanga, keki iko juu ya boneti kwa sababu boneti lilikuwa na joto, isilowe kwa ukungu. Shangazi mtu akanipokea kwa upole kabisa: "Karibu fundi. Si ulisema ni kawaida?"

Keki ilifika Chunya juu ya lori la tumbaku. Niliambiwa ilikuwa na vumbi la kutosha lakini waliila. Mimi nilibaki mlimani mpaka saa kumi jioni, chini ya gari, nikiwa nimelala kwenye mawe, na ile sauti ya yule mama haikuniacha. Mpaka leo mtu akitamka "kawaida" mbele yangu, nasikia baridi ya mlima ule mgongoni.

Hapo ndipo nilipojifunza nusu ya somo, na nusu ya somo ni hatari kuliko kutojua. Nilijiapia kwamba gari likilia mbele yangu, giaboksi inashuka. Hakuna maswali. Umekua ukiniona hivyo. Umebeba nami giaboksi ambazo hazikuwa na kosa lolote, na siku moja, ukiwa kidato cha pili, uliniuliza, "Baba, kwa nini tusisikilize kwanza?" Nikakujibu kwamba masikio hayafungi bolti. Nililiona jibu zuri sana wakati ule. Nikalirudia hata kwa wateja.

Sasa nije kwa Gwamaka, mteja wetu wa machimbo ya Chunya.

Klachi ya gari lake uliifunga wewe peke yako, kuanzia mwanzo. Mimi nilikuwa Mbeya mjini kwa mazishi. Flaiwili nyepesi, ile sahani ya chuma ya injini inayoshikana na klachi, na klachi pleti ya vipande vigumu, ile isiyo na springi katikati. Mtu wa machimbo akipata kidogo anataka gari litakaloruka, na barabara ya kwao yenyewe ni vumbi na mashimo, lakini hayo ni yake. Nilirudi nikakuta umemaliza, umenawa, na gari limeondoka. Nilikasirika kidogo. Sikukwambia. Nilikasirika kwamba hukuningoja, na moyoni nikawa nangoja lirudi.

Likarudi. Gwamaka akasimama pale pale aliposimama yule kijana wa keki, akaigiza: "Kra-kra-kra-kra. Fundi, hii gari ikisimama kwenye taa watu wanageuka. Inalia kama mashine ya kusaga imekosa mahindi." Wewe ulikuwa umeshaingia garini. Nakumbuka kila ulichofanya, maana nilisimama mlangoni nikiona. Uliweka nyutro, ukaachia pedali, ikalia. Ukakanyaga pedali, ikanyamaza. Ukaachia tena, ikalia. Halafu ukaongeza mafuta kidogo tu, mlio ukapotea wote. Ukashuka ukasema, "Baba, siyo beringi. Beringi ingelia zaidi ukiongeza mafuta. Hii ni meno ya giaboksi yanagongana kwa sababu pleti haina springi za kulainisha. Haina ubovu."

Haina ubovu. Mimi nikasikia "ni kawaida". Nikaona ukungu, nikaona keki juu ya boneti.

Nikakwambia, mbele ya Gwamaka na mbele ya wale waliokuja kununua mafuta ya breki, "Toka hapo. Umefunga vibaya, halafu unatafuta maneno. Debe tupu haliachi kuvuma." Ulinitazama mara moja. Ukafuta mikono kwenye ovaroli, ukaning'iniza spana yako kwenye msumari wake, ukaenda nyumbani. Hukupiga mlango. Ningependa ungepiga.

Nikashusha giaboksi mwenyewe. Sikiliza nilichokikuta, Tupo, maana hujawahi kukisikia kutoka kwangu. Nilikuta pini zote mbili za kuelekeza giaboksi ziko mahali pake, zile ambazo nusu ya mafundi wa mji huu huzipoteza na kusema siyo lazima. Nilikuta grisi kwenye shafti imepakwa nyembamba, mtu akiigusa haiachi alama. Nilikuta beringi mpya, na uso wa flaiwili umefutwa mpaka unajiona. Na bolti za presha pleti, kila moja ina mstari wako wa rangi ya kucha ya njano, kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye bati, kuonyesha imekazwa kwa kipimo na haijasogea. Hakuna hata mstari mmoja uliokuwa umekatika. Mama yako aliwahi kulalamika kwamba msichana ananunua rangi ya kucha na kucha zake ni nyeusi. Nililala pale chini na tochi yangu nikizitazama, na kazi nzuri kama ile sijawahi kuifanya.

Ningeinuka nikaja nyumbani nikakwambia hivyo hivyo nilivyoandika, leo tungekuwa tunacheka. Badala yake nikarudisha giaboksi, nikamimina mafuta ya giaboksi mazito zaidi kidogo, mlio ukapungua, nikamwambia Gwamaka, "Tayari. Nimerekebisha." Akanishukuru. Wewe ulikuja kesho yake ukafanya kazi kimya, wiki nzima, na mimi nikaacha kimya kile kikae kama mgeni asiyeaga.

Sasa lile usilolijua kabisa. Gwamaka akapita Iringa, akapeleka gari kwa huyu Nizari wa Kihesa anayetengeneza magari ya mashindano. Alitaka giaboksi ngumu zaidi, maana hajui kutosheka. Nizari akashusha ya zamani, akaona ndani. Akaomba namba yangu, akanipigia. Nilikuwa nakula muhindi wa kuchoma hapa hapa.

Akasema, "Fundi, shikamoo. Nina swali la ajabu kidogo. Ndani huku bolti zina alama ya njano, zimekaa mstari. Bolti za nje za giaboksi hazina kitu. Ni mafundi wawili?"

Nikasema, "Hapana. Ni mimi."

"Zote?"

"Zote."

Akasema, "Sawa mzee. Kazi ya ndani ni safi sana." Nami nikasema ahsante. Unasikia, mwanangu? Nikasema ahsante. Muhindi wenyewe nikampa mbuzi wa jirani.

Siku tatu sikupata raha. Nikikaza bolti naona njano. Siku ya nne nikampigia. Nikamwambia, "Bwana Nizari, nilikudanganya. Za nje ni mimi. Za ndani ni binti yangu, na nilimtukana mbele ya mteja kwa kazi hiyo hiyo." Nilitegemea angekata simu. Akacheka, siyo kwa kunidharau, akasema, "Nilijua mzee. Aliyefunga ndani hakuwa na haraka. Wewe ulikuwa na hasira." Jambo hilo alilisoma kwenye bolti, mtu ambaye hajawahi kuniona. Kisha akasema, "Natafuta fundi wa klachi mwaka sasa. Wanaokuja wote wanajua kufunga, hawajui kusikiliza. Mwulize kama atataka kuja kwangu."

Nikakuuliza. Nilikuuliza vibaya. Nilisema, "Kuna mtu Iringa ana nafasi." Ukaniuliza, "Baba, umeniombea?" Jibu lilikuwa rahisi, neno moja tu, lakini kulisema kungenilazimu nisimulie na mengine yote, na mama yako alikuwepo, na chai ilikuwa inapoa. Nikasema, "Nenda tu, utajifunza." Nilikuona ukiinamisha uso kwenye kikombe. Nilidhani unafikiria safari.

Nimeeleza kosa langu, sasa niseme kidogo nilichokipata humo, nawe uchukue kinachokufaa. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini. Mimi nimevunjika usingizi. Nilifanya makosa mawili yanayofanana sana ingawa yanaonekana kinyume. Kwa yule kijana niliambiwa mlio unatokea pedali ikikanyagwa, na hilo peke yake lingenipeleka kwenye beringi bila kulala chini. Kwako niliambiwa mlio unatokea pedali ikiachiwa na unapotea ukiongeza mafuta, na hilo lingenipeleka kwenye meno ya giaboksi nikiwa nimesimama. Mara zote mbili gari lilisema, na mtu akanitafsiria kwa mdomo wake, na mimi nikajibu kabla hajamaliza. Mara ya kwanza kwa uvivu, mara ya pili kwa hofu.

Hofu ndiyo ninayokuomba uiangalie, maana umeirithi kidogo. Nimekuona baada ya siku ile ukikagua bolti moja mara tano. Mwanzoni ulikuwa unakagua mara moja na kuchora mstari wako. Mstari ule ulikuwa na maana kwamba umemaliza, unaweza kwenda kula. Rudi kwenye mstari wako, mwanangu.

Kwa Nizari utakutana na klachi za pleti mbili. Naambiwa zenyewe hugongagonga ukikanyaga na kutulia ukiachia, na si ubovu, ni pleti zinacheza kwenye nafasi zake. Yaani mlio wake unakuja pale pale nilipozoea kulaumu beringi. Mimi sijawahi kufunga hata moja. Siku ukifunga ya kwanza unipigie, uache injini ingurume, ukanyage na kuachia simu ikiwa karibu, nisikie. Na mteja akikuuliza "hii ni kawaida?" na hujajua, mwambie hujajua bado. Nimekaa miaka mingi kabla ya kuligundua jibu hilo, na ni jepesi mno.

Watu watashangaa kukuona, hilo hata sikufichi. Wapo watakaokuomba uwaitie fundi. Waitie. Ingia ndani, hesabu mpaka tano, utoke tena wewe mwenyewe. Na wazee wa Kihehe wakikusalimia "kamwene", itikia kwa heshima, usiwaletee ubishi wetu wa Kinyakyusa siku ya kwanza. Ngoja wiki ya pili.

Haya. Leo baada ya ibada, wewe ukiwa bado unaaga watu kanisani na kabla sijapatwa na kichwa cha uongo, nilimpigia Gwamaka. Nikaweka sauti kubwa, mama yako akiwa kando yangu, maana nilitaka shahidi. Nikamwambia, "Gwamaka, lile gari lako halikuwa na ubovu wowote. Tupo alifunga sawasawa. Mimi nilibadilisha mafuta ya giaboksi tu." Akasema, "Mzee, mimi nilijua. Tupo aliniambia siku ile ile nikanyage mafuta nione, mlio ukapotea. Sikutaka kukubishia, wewe mkubwa." Nikamwuliza, na ule mlio? Akasema, "Nishauzoea. Chunya nzima wanajua Gwamaka anakuja." Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, ingawa nilichelewa kidogo.

Nina furaha, Tupo. Niseme wazi, maana naona barua nzima imejaa makosa yangu na unaweza kudhani nina huzuni. Nina furaha ya mtu aliyeshusha mzigo mzito bila kuuangusha. Nakupenda, na ninajivunia mikono yako, na nilipaswa kukuambia hivyo siku ile, mbele ya wale wote waliosikia lile jingine. Kesho stendi nitakuambia kwa mdomo, hata kondakta akisikia. Ila najijua, naweza kuishia kukagua tairi za basi. Ndiyo maana nimeandika.

Uliniuliza kama nilikuombea kazi. Sikukuombea. Uliitwa. Kuna mtu alifungua gari mji mwingine, akaona kazi, akauliza ni ya nani.

Kwenye mfuko wa spana zako, chini ya tochi, nimeweka chupa mpya ya rangi ya kucha, ya njano. Muuzaji wa dukani aliniuliza ni ya mke wangu, nikamwambia ni ya binti yangu, fundi. Ile chupa yako ya zamani usiitafute. Imebaki robo, nimeiweka mimi kwenye droo ya spana. Kesho basi likishaondoka nina klachi ya kufunga, nami nataka nianze kuweka alama.

Ndaga fijo, ahsante sana, mwanangu.

Baba yako